Mabango ya barabarani: tuulize upepo kabla ya bei

KATIKA biashara ya mabango ya barabarani kuna kifungu kimoja cha gharama ambacho hakionekani kwenye makadirio ya bei, nacho ni upepo. Mteja huandikiwa chuma, zege, turubai, taa, usafiri na ufundi. Haandikiwi kwamba bango lake limepigiwa hesabu ya upepo wa kilomita ngapi kwa saa, wala kwamba hesabu hiyo imezidishwa kwa ngapi ili kuacha akiba ya mambo yasiyotarajiwa. Kwa kuwa haandikiwi, haulizi. Na kwa kuwa haulizi, hapo ndipo mkandarasi anayetaka kushinda zabuni kwa bei ya chini anapopata mahali pa kukata bila mtu kugundua.

Namba hiyo ya akiba wahandisi huiita kizidishi cha usalama. Safu hii si ya uhandisi na haitajaribu kuwafundisha wahandisi kazi yao. Lakini kuchagua kizidishi ni uamuzi wa kibiashara sawa na kukata bima, na katika soko hili uamuzi huo umeachwa mikononi mwa mtu ambaye ana kila sababu ya kuupunguza. Anayelipa pengo lake ni mwingine kabisa: abiria kituoni, mama ntilie chini ya kivuli cha bango, dereva aliyesimama kwenye taa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Mumbai, India. Jumatatu ya Mei 13, 2024, dharuba ya vumbi na mvua ililiangusha bango kubwa katika eneo la Ghatkopar, likaangukia kituo cha mafuta ambako watu walikuwa wamejikinga na hali ya hewa. Watu 17 walikufa na zaidi ya 70 walijeruhiwa. Bango hilo lilikuwa na futi 120 kwa 120, wakati kipimo kikubwa kabisa kilichokubaliwa na manispaa ya jiji hilo kilikuwa futi 40 kwa 40. Ukubwa wake ulikuwa umeliingiza katika kitabu cha Limca cha rekodi za India, na bila shaka wauzaji wa nafasi za matangazo waliitumia sifa hiyo kuvutia wateja.

Wataalamu wa chuo cha ufundi cha VJTI cha Mumbai waliopewa kazi ya kukagua mabaki waliripotiwa kusema kwamba bango hilo liliweza kuhimili upepo wa kilomita 49 tu kwa saa. Upepo wa siku ile ulikuwa kilomita 87. Kasi ambayo bango la Mumbai linatakiwa kuhimili kwa kanuni za India ni kilomita 158.

Msomaji mwenye haraka atasema 87 si hata mara mbili ya 49, kwa hiyo kosa halikuwa kubwa sana. Hapo ndipo hesabu ya upepo inapowapotosha watu wa biashara, ambao tumezoea kuzidisha bei kwa idadi. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Ikiwa mara tatu, nguvu ni mara tisa. Upepo wa siku ile ulilisukuma bango lile kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya ile liliyoweza kubeba, na upepo wa kanuni ungelisukuma kwa zaidi ya mara kumi.

Sasa tuiangalie namba ya 1.5, ambayo kanuni za Ulaya na za India huitumia kuzidisha nguvu ya upepo katika kukagua uimara wa nyenzo. Ukiisikia unadhani umepewa akiba ya asilimia 50. Katika nguvu ni kweli. Katika kasi, akiba hiyo ni kipeuo cha pili cha 1.5, yaani asilimia 22 tu. Bango lililopigiwa hesabu ya kilomita 120 kwa kizidishi cha 1.5 lina akiba ya kufika kilomita 147 hivi. Nayo ile 49 ya Ghatkopar, hata ungeizidishia 1.5, ingefika kilomita 60. Kwa maneno mengine, kizidishi hakiwezi kuokoa hesabu iliyoanza na kasi ya uongo. Mwenye duka hufahamu jambo hili vizuri: faida ya asilimia 30 haina maana ikiwa bei ya kununulia uliyoandika kwenye daftari si ile uliyolipa.

Bango linalosimama peke yake lina tatizo lingine ambalo jengo halina. Jengo ni zito, lina kuta zinazoshikana na sakafu zinazolikandamiza chini. Bango ni tanga juu ya mlingoti. Uzito wake ni mdogo, uso wake ni mpana, na kila kilo ya msukumo iliyo juu inageuka kuwa mtarimbo unaong'oa msingi. Hivyo penye kuamua uhai wake ni chini ya ardhi, mahali ambapo mteja haoni na mkaguzi akichelewa siku moja naye haoni.

Tuchukue bango la kawaida la mita 6 kwa 3, ambalo ukingo wake wa chini uko mita 5 juu ya ardhi, na tuchukue dharuba ya mita 40 kwa sekunde, sawa na kilomita 144 kwa saa. Upepo wa kasi hiyo una shinikizo la karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na kanuni ya Ulaya huongeza mara 1.8 kwa bao lililosimama wazi, kwa sababu upepo husukuma mbele na kuvuta nyuma. Jumla ni tani 3 na robo, zinazosukuma kwenye kimo cha mita 6.5. Msingi ukichimbwa mita 1.5, mkono wa mtarimbo unakuwa mita 8, na nguvu ya kuangusha inakuwa tani-mita 26 kabla ya kizidishi chochote.

Fundi wa bei ya chini atamwaga zege la mita 2 kwa 2 kwa kina cha mita 1.5. Hizo ni mita za ujazo 6, uzito wa tani 14 na ushei. Kwa kuwa nusu ya upana wake ni mita 1, zege hilo linapinga kwa tani-mita 14 tu. Ukiacha kando uzito wa chuma na msaada wa udongo wa pembeni, ambao baada ya mvua kubwa si wa kutegemewa, bango hilo linang'oka kwenye kilomita 107 hivi kwa saa. Ongeza upana uwe mita 3 kwa 3 kwa kina kile kile. Zege linafika mita za ujazo 13.5 na tani 32, lakini upinzani unapanda hadi tani-mita 48, kwa sababu uzito umeongezeka na mkono nao umerefuka. Bango hilo linafika karibu kilomita 197 kwenye karatasi, na hata ukitoa punguzo la ardhi inayobonyea ukingoni linabaki salama kwa dharuba tuliyoichagua.

Tofauti kati ya misingi hiyo miwili ni mita za ujazo 7.5 za zege, karibu mifuko 50 ya saruji pamoja na mchanga na kokoto zake. Hilo ndilo pengo lote. Mfanyabiashara anayelipia kodi ya kiwanja, ada ya halmashauri, umeme na uchapishaji wa turubai kila tangazo linapobadilishwa atambue kwamba ile nafuu aliyopewa na mzabuni wa chini huenda ni hiyo mifuko 50. (Hesabu hizi ni za kuonyesha njia tu. Mwenye kuzitumia kujengea bango bila mhandisi kupima udongo asije akaitaja safu hii mahakamani.)

Ukubwa nao una bei yake iliyofichika. Mapato ya bango huongezeka kwa eneo, na ada za serikali za mitaa vilevile hufuata ukubwa. Mwenye bango hufikiri kwamba akizidisha pande zote mara mbili atapata mapato mara nne kwa gharama mara nne. Bango letu likiwa mita 12 kwa 6, msukumo ni mara nne kweli, lakini kitovu chake kimepanda hadi mita 8 juu ya ardhi, na nguvu ya kung'oa pale usawa wa ardhi ni karibu mara tano. Lile la Ghatkopar lilikuwa na eneo mara 9 ya lililoruhusiwa. Kimo nacho kikipanda kwa kadiri ile ile, nguvu ya kuangusha ni mara 27. Hakuna mtu anayelipwa kodi ya nafasi mara 27.

Jambo linaloleta mchafuko zaidi ni kuchanganya vitabu. Uingereza, kabla ya kanuni za Ulaya, ilitumia 1.4 kwa upepo kwenye majengo ya chuma. Ulaya ni 1.5. Marekani ilitumia 1.6 katika kanuni zake za mwaka 2005, kisha katika toleo la mwaka 2010 ikaweka 1.0. Mtu asiyejua atasema Wamarekani wameacha usalama. Hawakuacha: walihamisha akiba kutoka kwenye kizidishi wakaiweka kwenye ramani ya upepo yenyewe, ambayo tangu hapo huonyesha upepo wa nadra sana, ule wa mara moja katika miaka 700 kwa majengo ya kawaida. Sasa fikiria fundi mchoraji anayechukua 1.0 kutoka kitabu cha Marekani na kasi ya upepo kutoka kitabu cha Ulaya, ambayo ni ya mara moja katika miaka 50. Kila namba ina kitabu chake na muhuri wake, na bango halina akiba hata ya senti.

Mtego wa pili wa aina hiyo ni maana ya kasi yenyewe. Ulaya hupima wastani wa dakika 10, kisha hesabu yao huongeza nguvu ya dharuba hatua ya baadaye. Marekani na India hutaja dharuba ya sekunde 3. Katika uwanda wa wazi dharuba inaweza kuwa karibu mara moja na nusu ya wastani, na kwa ule mraba tuliousema, mzigo ni zaidi ya mara mbili. Anayechukua wastani akauingiza mahali pa dharuba amepoteza zaidi ya nusu ya mzigo bila kubadilisha kizidishi. Kwa hiyo ukiambiwa “bango lako linahimili kilomita 100”, swali la kwanza ni kilomita 100 zipi.

Wauzaji wa mabango wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Wanasema mkataba wa tangazo ni wa miaka 5, kwa nini wajengee upepo wa miaka 50? Hesabu ya bahati inajibu. Upepo wa mara moja katika miaka 50 una nafasi ya asilimia 2 kila mwaka. Katika miaka 5 nafasi ya kuupata au kuuzidi ni karibu asilimia 10, na katika miaka 10 ni asilimia 18. Mwenye mabango 100 yaliyotawanyika miji tofauti atarajie kwamba katika miaka 5 kama 10 hivi yatakutana na upepo huo. Zaidi ya hapo, sote tunajua mabango ambayo mkataba wa kwanza ulikwisha zamani na nguzo bado iko pale pale, imevalishwa tangazo la tatu au la nne. Umri wa mkataba na umri wa chuma ni vitu viwili tofauti.

Wapo pia wanaosema pwani yetu haina vimbunga, kwamba hayo ni ya Madagascar na Msumbiji. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikavunja meli za Sayyid Barghash na kuangusha mikarafuu na minazi. Aprili 1952 nyingine iliipiga Lindi. Mei 4, 2024, siku 9 tu kabla ya msiba wa Mumbai, kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Katikati yake, Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019 huku watu wa Mtwara wakiwa kwenye tahadhari, na Jobo kilidhoofika kabla ya kutufikia Aprili 2021. Kati ya 1872 na 1952 ni miaka 80, na kati ya 1952 na 2024 ni miaka 72. Kwa mtu mmoja huo ni umri mzima na ndiyo maana anasahau. Kwa hesabu ya mara moja katika miaka 50, ni jambo linaloingia kwenye daftari kabisa.

Bara nako si salama. Dharuba za mvua za radi zinazoezua mapaa ya shule hazisubiri kimbunga, na hazitoi taarifa. Hidaya ilitangazwa siku kadhaa mapema na Mamlaka ya Hali ya Hewa, hata vyombo vya Unguja vikasimamishwa; mwenye mabango aliyetaka kushusha maturubai alikuwa na muda. Kule Ghatkopar muda huo haukuwepo. Kushusha turubai ni hatua nzuri ya ziada na iandikwe kwenye mkataba wa matunzo, ila haifai kuhesabiwa kama sehemu ya kizidishi.

Vivyo hivyo ile imani kwamba “turubai litachanika kwanza, nguzo itapona”. Huenda likachanika. Huenda lisichanike, kwa sababu maturubai ya siku hizi yana nyuzi ndani na hukazwa pande zote, na bao la bati halichaniki kabisa. Yale matundu ya nusu mwezi yanayokatwa kwenye vitambaa “kupitisha upepo” hupunguza mzigo kidogo tu. Mhandisi akitaka turubai liwe ndilo la kwanza kukatika, abuni vifungo vyake vikatike kwenye kasi maalumu na aonyeshe hesabu.

Kwa maoni ya safu hii, kizidishi kichaguliwe kwa kutazama kilicho ndani ya urefu wa bango likianguka. Bango katikati ya shamba la mkonge, ambalo kimo chake hakifiki barabarani wala kwenye nyumba ya mtu, mwenye mali akitaka kujengea upepo mdogo ni mtaji wake. Lakini likiwa na uwezo wa kuangukia barabara, kituo cha daladala, genge, nyaya za umeme au kituo cha mafuta, hapo isiruhusiwe punguzo lolote la “ni la muda”: kasi iwe kamili ya eneo, kizidishi kiwe 1.5 kwa msukumo, na uzito wa zege unaopinga usihesabiwe wote bali kwa 0.9 yake, kama kanuni za Ulaya zinavyotaka katika kukagua kupinduka. Gharama itapanda. Baadhi ya viwanja vizuri kabisa vya matangazo, hasa vile vya kwenye makutano, vitakosa faida kwa mabango makubwa, na hilo ndilo soko linavyopaswa kutuambia kwamba bango la ukubwa huo si la mahali hapo.

Suala la nani anakagua ni gumu zaidi. Kule Mumbai bango lilikuwa kwenye ardhi ya polisi wa reli, na manispaa ikasema halikuwa na kibali chake. Ofisa mwandamizi wa polisi aliyehusishwa na kibali alisimamishwa kazi Juni 2024, na mkurugenzi wa kampuni ya bango alikamatwa siku chache baada ya ajali. Hapa Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na ndani yake mwenye mamlaka ni wakala wa barabara. Nje kidogo ya mpaka huo ni kiwanja cha mtu binafsi na halmashauri inayosubiri ada. Mtu akihamisha nguzo mita mbili ili kukwepa ofisi moja, upepo haujui kwamba amebadilisha ofisi.

Kwa hiyo mteja asisubiri. Anayetangaza bidhaa, benki au kinywaji chake juu ya bango ndiye ambaye jina lake litapigwa picha likiwa juu ya magari yaliyopondwa, ingawa kwenye mkataba aliandikwa mpangaji wa nafasi tu. Yeye ndiye mwenye fedha, na barua moja kutoka kwake ina nguvu kuliko ziara kumi za mkaguzi. Adai zabuni itaje kasi ya upepo, aina ya kasi hiyo, jina la kitabu kimoja kilichotumika tangu mwanzo hadi mwisho, kizidishi cha nguzo na kizidishi cha msingi mbalimbali, vipimo vya zege pamoja na picha za shimo kabla halijafunikwa, na saini ya mhandisi aliyesajiliwa. Wazabuni wote wakijaza namba hizo, bei zao zitaanza kulinganishika. Zisipojazwa, mteja analinganisha bei ya bango na bei ya bango lenye zege pungufu.

Kampuni za bima nazo zinaweza kufanya kazi ambayo halmashauri hazijafanya, kwa kukataa kuandika bima ya madhara kwa watu wengine mpaka zione hesabu ya msingi, na kwa kudai ukaguzi wa kutu kila mwaka kwa mabango ya pwani. Hewa ya chumvi hula nguzo pale inapoingia kwenye zege, penye maji yanayotuama na mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote. Bango lililoanza na 1.5 baada ya miaka kadhaa linaweza kuwa limebaki na 1.2 bila mtu kugusa mchoro.

Mwisho ni yale mabango matupu, ambayo mpangaji aliondoka na kampuni iliyoyajenga haijibu simu. Mwenye kiwanja anapotia saini leo, akate gharama ya kuling'oa bango kwenye kodi ya mwaka wa kwanza na kuiweka akiba benki kwa jina la pande zote mbili, maana mwaka wa sita hatampata wa kumdai.